Kumpeleka Mama Haverley

Doncaster,
Jumapili, 25 Oktoba 1998

Kaka yangu mpendwa Desmond,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi yangu Noreen na hao vijana wako ambao picha yao ya mwisho ilinifanya niulize mara mbili yupi ni yupi. Je, theluji imeshaanza huko Saskatoon? Na mgongo wako, umeupeleka kwa daktari au bado unaukandakanda mwenyewe kwa chupa ya maji ya moto? Sisi huku hatujambo. Goti langu linapiga kelele kama mlango wa banda la kuku, na shemeji yako Alun ameanza kutengeneza kinanda alichokiokota jalalani, kwa hiyo sebuleni hapapitiki. Zaidi ya hayo tunashukuru.

Najua umekuwa ukingoja nipige simu. Kila nikishika simu naiweka tena chini, maana haya si mambo ya kusema huku mtu anatazama saa. Nimeona bora nikuandikie taratibu, ingawa nakuonya mapema kwamba hata mimi sijayaelewa yote. Nitakueleza kwa mpangilio ule ule yaliyonikuta, uchanganyikiwe pamoja nami.

Unakumbuka tulivyoachana mwezi wa Julai baada ya kuuchoma mwili wa Mama. Mama alikuwa amesema pale hospitali, akiwa na akili zake timamu, kwamba arudishwe kwao Haverley. Wewe ukasema mahali pake ni kando ya Baba, kwamba Baba alilipia shimo la watu wawili na hawezi kuachwa alale humo peke yake milele. Tukakubaliana kwamba majivu yakae kwangu hadi utakapokuja Mei, nami kabla ya hapo niende Haverley mara moja, nipaone, nipige picha, ili tusiseme tumempuuza. Nilikuahidi kwamba nitakwenda na kurudi.

Basi Jumanne iliyopita nikapanda basi. Nilimchukua Mama. Hilo sikukuambia. Nilimtia kwenye mkoba wangu wa sokoni, lile kopo la kahawia walilotupatia, nikalifunika kwa sweta ya kijani. Niliwaza kwamba angalau apate kupaona, halafu nirudi naye. Alun aliniambia nimepata wazimu, akanifungia sandwichi za nyama.

Nilichagua Jumanne kwa sababu Mama siku zote alisema siku ya soko Haverley ni Jumanne. Unakumbuka: kuku ndani ya matenga, wanawake wa siagi chini ya lile banda la nguzo za mawe, na baba yake, Mzee Pell, akipita na mikate kichwani. Nikashuka kwenye uwanja wa soko saa tano kamili. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na magari yameegeshwa, na mvua. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akifuta kioo cha duka kama soko limehamia wapi. Akanitazama kama mtu aliyeuliza habari za mfalme aliyekufa zamani, akaniambia soko la hapa ni Alhamisi, lilikuwa Alhamisi tangu yeye anaolewa.

Ndivyo ilivyokuwa siku nzima, Desmond. Kila kitu kilikuwa sawa, na hakikuwa sawa. Banda la Siagi lipo, na yule mtu wa jiwe asiye na pua yupo pembeni mwake, kama Mama alivyosema. Lakini daraja ambalo alisema lina matao saba, nimelihesabu kwenye mvua, yako matano. Kile kilima kirefu cha kwenda kwa mwokaji, kile alichosema kilimkata pumzi, nimekipanda na goti langu hili kwa dakika moja. Na duka la mkate lililokuwa kona ya Mtaa wa Washona Viatu sasa linauza mishumaa yenye harufu. Niliingia. Msichana wa mle alikuwa mwema, akaniruhusu kuchungulia nyuma, na kweli mdomo wa tanuri upo ukutani, umezibwa kwa matofali na kuwekewa maua makavu. Nikasimama pale na mkoba wangu. Sikujua kama nimefika au sijafika.

Nikapanga chumba kwa mjane mmoja karibu na kanisa, nikampigia Alun kwamba ningekaa hadi Alhamisi nilione soko.

Jumatano asubuhi nikaenda kanisani. Nilidhani jambo jepesi lingekuwa kuona jina la Mama kwenye daftari la ubatizo. Mtunza kanisa ni mzee mmoja anaitwa Bwana Amery, mrefu, mwenye funguo nyingi na maneno machache. Akanifungulia kabati, akavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, akafuata mistari kwa kidole. Albert Pell, mwokaji, na mkewe Hilda, walibatiza watoto wawili. Harold mwaka 1919. Enid mwaka 1932. Basi.

Nikamwambia lazima awepo na Audrey, mwaka 1933. Akarudia ukurasa. Hayupo. Nikamwambia labda alibatizwa kanisa jingine. Akasema akina Pell wasingebatiza mtoto kanisa jingine hata kama hili lingekuwa linawaka moto.

Hapo nikamweleza kwamba Audrey Pell ni mama yangu, amefariki Julai, na kwamba huyo Enid alikuwa dada yake aliyekufa kwa homa akiwa na miaka kumi. Unakumbuka habari za Enid, Desmond. Kila Februari Mama alikuwa akinyamaza siku nzima, na tukimuuliza alisema leo ni siku ya kuzaliwa ya marehemu dada yangu. Wewe ulikuwa ukimwogopa huyo Enid. Ulisema yuko chini ya ngazi.

Bwana Amery alivua ile miwani ya juu. Alionekana kutaka kusema kitu, kisha akakimeza. Akaniuliza kama ningependa kuliona kaburi la akina Pell.

Liko upande wa ukuta wa kusini. Jiwe lenyewe ni la kijivu, limeota ukungu, lakini maandishi yanasomeka. Limeandikwa Albert Pell, mwokaji wa mji huu. Chini yake, Hilda mkewe. Harold hayumo, nimeambiwa amezikwa Italia alikofia vitani. Enid hayumo. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo zilizochongwa kwa mkono mwingine, pameandikwa: NA AUDREY, ALIYEKUWA MTOTO WETU. 1933–1941.

Nililisoma, nikalisoma tena. Nilimwuliza Bwana Amery kama kuna mtu anayechezea mawe makaburini. Akasema hapana, amekuwa akiliona jiwe hilo tangu mwaka 1960 na limekuwa hivyo hivyo.

Naomba ujiweke pale nilipokuwa. Yule ambaye Mama alituambia amekufa, kaburini hayumo. Na Mama, ambaye nilimfumba macho kwa vidole vyangu mwenyewe miezi mitatu iliyopita, yumo, amekufa akiwa na miaka minane. Na majivu yako mkononi mwangu chini ya sweta. Nikajiuliza nimembeba nani. Sikuogopa mizimu, Desmond, nimeshapita umri huo. Niliogopa kwamba mtoto aliyeitwa Audrey alikufa kweli, na mtu mwingine akalichukua jina lake akaja Doncaster, akaolewa na Baba, akatuzaa sisi. Niliwaza hata juu ya mikono yake, ilikuwa mikono ya nani. Yule mjane aliponiletea mayai asubuhi ya Alhamisi nilimwomba msamaha, sikuweza hata kuyaangalia.

Alhamisi soko lilikuwepo. Safari hii uwanja ulikuwa umejaa, turubai za mistari, maboga, samaki kwenye barafu, watu wakigongana miavuli. Mimi nilikuwa sitazami kitu. Nilisimama mbele ya meza ya jibini kwa muda mrefu hadi mwenye meza, mtu mnene mwenye kofia ya manyoya, anaitwa Bastow, akaniita kwa sauti ya soko zima.

“Bibie! Jibini hilo unalitazama hivyo, unataka kulila au unalitafutia mchumba?”

Watu wakacheka. Nami, sijui kwa nini, machozi yakanitoka. Bastow akashtuka, akanikatia kipande cha bure, akaniuliza nimepatwa na nini, mpenzi, nani kakufanyia hivyo. Nikamwambia nawatafuta watu wa Pell, wale waokaji, lakini wameisha wote.

“Nani kakuambia wameisha? Bibi Enid Pell hununua jibini kwangu kila Alhamisi, saa nne na nusu, na hajawahi kuchelewa.”

Nikamwambia haiwezekani. Enid alikufa akiwa na miaka kumi.

“Basi maiti huyo anapenda jibini kali,” akasema Bastow, “na anabishana bei kuliko ninyi mlio hai. Simama hapo kando ya mayai. Utamwona.”

Nikasimama kando ya mayai. Saa nne na nusu akaja bibi mmoja mdogo, mkavu, koti la bluu limefungwa hadi shingoni, na kikapu cha magurudumu. Bastow akamwambia, Bibi Enid, una mgeni, anasema umekufa. Alisema kwa mzaha, masikini, hakujua. Yule bibi akanigeukia akacheka kidogo kwa adabu, akauliza nani anaeneza habari zake kabla ya wakati.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yalinitoka. Nikasema tu kwamba mimi ni Lorna, binti wa Audrey.

Kicheko chake kilikatika. Akaniuliza Audrey gani. Nikasema Audrey Pell, wa duka la mikate. Sura yake ikawa nyeupe kama unga, kisha nyekundu, akaniambia kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele: “Audrey hakuzaa mtoto. Audrey alikufa na miaka minane. Sijui ni nani aliyekutuma, wala unataka nini kwangu, lakini mchezo huo si wa kumchezea mtu mzima.” Akageuka akaenda zake, hata jibini akaliacha. Bastow akanitazama vibaya. Akasema bibi yule hana mtu duniani, na kama nimekuja kumtapeli nijue kwamba soko zima lina macho.

Nilimkimbilia, Desmond. Na goti hili. Nilimfikia chini ya Banda la Siagi na sikujua la kumwambia ila lile lililonijia kwanza. Nikasema mama yangu alikuwa na alama ya moto mkononi, mistari miwili, kama reli.

Akasimama, lakini hakugeuka. Akauliza mkono upi.

Nikasema wa kushoto, kwa ndani, chini ya kiwiko.

Akauliza aliupata wapi.

Nikasema alituambia siku zote kwamba alishika trei ya mikate kabla baba yake hajamwambia imepoa, na kwamba dada yake ndiye aliyempaka siagi.

Hapo akageuka. Akashika nguzo ya jiwe kwa mkono mmoja. “Siagi ya mgao,” akasema. “Ya wiki nzima. Nilichapwa kwa ajili yake.” Kisha akaniuliza mama yangu yuko wapi, aje hapa, aje sasa hivi, na mimi nikalazimika kumwambia, pale pale, watu wakipita na maboga, kwamba tumechelewa kwa miezi mitatu.

Anakaa nyumba ndogo nyuma ya kanisa. Alinipeleka, akatia maji ya chai jikoni, akasahau kuwasha jiko, akarudi akaketi. Mkoba wangu nilikuwa nimeuweka sakafuni karibu na mguu wangu. Nitakueleza alichoniambia kama alivyokieleza, mikono ikiwa imelala mapajani, bila kulia hata mara moja.

Mama hakuzaliwa Haverley. Aliletwa Haverley kwa treni mwezi wa Septemba 1939, akiwa na miaka sita, na lebo shingoni kama kifurushi, pamoja na watoto wengine waliohamishwa kutoka Hull kwa kuogopa mabomu. Jina lake lilikuwa Audrey Skelton. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha samaki, baba hakuwepo. Watoto walisimamishwa chini ya lile lile Banda la Siagi, watu wa mji wakaja kuchagua, na Mzee Pell akachagua huyo kwa sababu, alisema, ndiye pekee aliyekuwa akinusa upande wa duka lake. Alikaa nao mwaka mmoja na miezi saba. Alilala kitanda kimoja na Enid. Kufikia Krismasi ya kwanza alikuwa akimwita Mzee Pell baba, na hakuna aliyemkataza.

Masika ya 1941 Harold alitazamiwa kuja likizo kutoka jeshini. Mama Pell alikuwa ameweka akiba sukari ya mgao, kijiko kwa kijiko, miezi mitano, kwenye mtungi juu ya kabati la unga, ili amwokee mwanawe keki. Siku ya kuoka akafungua mtungi akakuta umebaki ukoko tu. Enid ndiye aliyeila. Alikuwa akipanda kila alasiri wakati watu wazima wamelala, analamba kidole. Mama yake alipouliza, akasema ni Audrey.

“Nilikuwa na miaka tisa,” aliniambia. “Nilidhani atachapwa, nami nitampa mwanasesere wangu baadaye, tutasahau. Mama yangu hakumchapa. Alivaa kofia akaenda kwa afisa wa watoto, akamwambia nyumba yake haikai na mwizi.”

Nilimuuliza Bibi Enid, Mama alijitetea vipi. Akasema Audrey alimtazama tu. Alikuwa anajua ni nani, maana walilala kitanda kimoja na alikuwa akiisikia harufu ya sukari mdomoni mwake. Hakusema neno. Siku mbili baadaye alipandishwa treni kurudi Hull, kwa sababu hapakuwa na nyumba nyingine iliyo tayari, na Mzee Pell alitembea naye hadi kituoni huku amembebea kisanduku chake. Wiki tatu baadaye, mwezi wa Mei, Hull ikapigwa mabomu siku mbili mfululizo.

Mzee Pell alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mazishi ya mama yake, akaenda Hull kumtafuta. Mtaa wote ulikuwa kifusi. Jirani mmoja aliyesalia akamwambia wa nyumba ile wamekwisha, mama na binti. Alirudi akaketi jikoni na kofia yake mapajani. Hakumwambia mkewe neno la lawama, ila aliacha kula keki na kitu chochote kitamu hadi alipokufa. Mkewe alimfuata mwaka mmoja baada yake. Na jina la Audrey kwenye jiwe aliliandikisha Enid mwenyewe baada ya kuwazika wote wawili, kwa sababu baba yake alimwomba.

“Nimemuua kwa sukari,” alisema. “Miaka hamsini na saba nimembeba, na tangu jiwe lichongwe nimekuwa nikienda na kitambaa kulifuta jina la mtu niliyemuua. Na wewe unaniambia alikuwa Doncaster.”

Saa mbili kwa basi, Desmond. Pamoja na kubadilisha.

Kisha akauliza lile nililokuwa nikiliogopa tangu aliposema neno sukari. Aliniuliza Mama alisema nini juu yake. Alinitazama usoni. Ana macho ya kijivu, makali, hayapepesi. Nikamwambia kwamba Mama alimwita dada yangu Enid maisha yake yote. Kwamba alikumbuka siku yake ya kuzaliwa kila Februari. Yote hayo ni kweli. Akaniuliza, je, alisema kwa nini hakurudi, kwa nini hakuandika hata mstari mmoja? Nikasema labda aliona haya. Akaniuliza kama alimsamehe.

Nikasema ndiyo. Nikasema, nayanukuu maneno yangu mwenyewe, kwamba Mama alituambia kuhusu sukari tulipokuwa wadogo na kwamba alisimulia akicheka.

Huo ni uongo wa kwanza ninaoukiri kwako. Mama hakututajia sukari kamwe, na habari kwamba alituambia Enid amekufa sikuthubutu kuitoa. Yeye mwenyewe alikuwa amesikia sokoni kwamba nadhani amekufa, kwa hiyo nikamwambia hayo nilidhani mwenyewe tu, kwa kuwa Mama alihuzunika sana kila Februari. Sijui kama aliniamini. Aliinuka, akauinua mkoba wangu kutoka sakafuni bila kuniuliza una nini ndani, akauweka kwenye kiti kilichokuwa kati yetu, akaunyoosha mpini wake. Kisha ndipo akakumbuka kuwasha jiko.

Nimerudi nyumbani na maswali ambayo sioni wa kuyajibu. Mama alimuua Enid katika hadithi zake kwa chuki, au kwa sababu kumlilia mfu ni rahisi kuliko kumngoja aliye hai aseme ukweli? Kama alimchukia, kwa nini alilichukua jina lao? Jana niliufungua ule mkoba wa ngozi wa karatasi zake, ule ambao tulidhani una risiti tu. Mna karatasi moja ya makao ya watoto hapa Doncaster, ya Juni 1941: Audrey Skelton, miaka minane, ametoka hospitali ya Hull, mama amefariki, hana ndugu. Na pembeni, kwa mwandiko wa mtu mwingine, pameandikwa: mtoto anasema jina lake ni Pell.

Na Baba, alijua? Unakumbuka mwaka wa 1968 tulipokuwa tukienda baharini, Baba akapunguza mwendo kwenye njia panda yenye kibao cha Haverley, akamtazama Mama bila kusema kitu, na Mama akasema anataka kutapika? Wewe ulikasirika kwa sababu tulichelewa. Nadhani Baba alijua. Nadhani alipunguza mwendo makusudi.

Sasa nifike kwenye lile ambalo limenifanya nisiweze kupiga simu.

Mama sikurudi naye.

Ijumaa asubuhi Bibi Enid alikuja nilipopanga, amevaa kofia, akaniambia kwamba amezungumza na kasisi na Bwana Amery ameshachimba. Hakuniuliza kama nataka. Alisema jina lake liko pale tayari, limemngoja muda mrefu, na mvua ingeanza saa tano. Nilifungua mdomo nimwambie juu yako, juu ya ahadi yangu, juu ya Baba na shimo lake la watu wawili. Nikaona jinsi alivyozifunga zile kamba za kofia, fundo lisilo sawa, kama mtoto aliyevaa kwa haraka. Nikachukua mkoba.

Tulikuwa watu watano: kasisi, Bwana Amery, Bibi Enid, mimi, na Bastow wa jibini, aliyekuja na kofia yake mkononi kuniomba radhi na akabaki. Kasisi alisoma kidogo. Bibi Enid ndiye aliyelishika kopo. Alipiga magoti kwenye majani mabichi, mwanamke wa miaka sitini na sita, akaliweka mwenyewe, na kabla hawajafukia akainama akasema maneno kule shimoni. Yalikuwa marefu kuliko samahani. Sikuyasikia na sikumwuliza.

Baadaye fundi wa mawe akaja kutazama maandishi. Alitaka kuufuta ule mwaka wa 1941 aandike 1998. Bibi Enid alikataa katakata. Alisema 1941 ibaki pale ilipo, kwa sababu mwaka huo walimpoteza kweli, na 1998 iandikwe kando yake. Fundi akamwambia watu watakaolisoma watachanganyikiwa.

“Waache wachanganyikiwe,” akasema.

Kwa hiyo kaka, Mei utakapokuja, hakuna cha kuzika kando ya Baba. Nilikuahidi, nami nimevunja ahadi, na sikufanya kwa bahati mbaya. Nilikuwa na dakika nyingi njiani kutoka mlangoni hadi ukuta wa kusini za kusema hapana. Una haki ya kukasirika. Nimekwenda kwa Baba leo asubuhi kumweleza, nimesimama pale na maua yangu. Nikamwambia tu kwamba hatimaye tumekata kona pale njia panda. Ninakuomba usinyamaze kama ulivyonyamaza mwaka ule tulipogombana kuhusu nyumba. Andika, hata kama ni matusi, na uje Mei kama ulivyopanga, twende wote, umwone yule uliyekuwa ukimwogopa chini ya ngazi. Na ukionana naye, tafadhali, Mama alisimulia habari ya sukari akicheka. Nahitaji tuseme neno moja.

Msalimie sana Noreen, mwambie ile sufu ya zambarau imefika na nimeanza soksi za vijana. Alun anakusalimu kutoka chini ya kinanda. Bibi Enid naye anakusalimu, ingawa hamjaonana. Alipojua wewe ndiye mkubwa aliniuliza una tabia gani, nikamwambia una hasira na moyo laini, akasema basi wewe ni Audrey mtupu. Nilipomuaga kituoni sikujua nimwite nani. Niliona aibu kumwita Bibi Enid na tumezika pamoja. Aliniona nikisitasita, akanifunga kifungo cha juu cha koti langu, akasema yeye alikuwa amemzidi Mama mwaka mmoja, kwa hiyo kwetu ni mama mkubwa, kama tutamtaka.

Nimemwambia nitakuuliza.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Lorna